Maswali yenu: Nani akuongoze kwenye mawindo ya elki?

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu elki, mnyama wa jamii ya kulungu anayekaa milima ya magharibi mwa Marekani. Kwa asiyemjua: dume aliyekomaa hufika kilo 300 na zaidi, kimo chake ni kama cha tandala mkubwa, na pembe zake huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Mwezi wa Septemba, msimu wa kupandana, hulia mlio mwembamba kama wa filimbi, ukiusikia alfajiri mwili unakusisimka. Nimemwinda miaka tisa sasa, na mara mbili nililipa mtu aniongoze. Moja ya safari hizo mbili simwombei mtu mwingine yeyote, ndiyo maana maswali haya nayajibu kwa moyo wote.

"Shikamoo mzee. Mwakani natimiza miaka 50, na nimedunduliza miaka mitatu ili niwinde elki mara moja maishani. Kampuni moja inaniambia kila mteja wao hupata. Nyingine inasema hupata wanne kati ya kumi. Bei zao hazipishani. Niende na ipi?" – Msomaji wa Aurora, Colorado

Marahaba, mdogo wangu. Nenda na huyo wa wanne kati ya kumi. Ukiwachukua wawindaji wote wa elki wa Colorado, wenye mwongozaji na wasio naye, miaka mingi anayepata ni kama mmoja kati ya watano. Mwongozaji hodari hukuongezea nafasi, lakini elki ni mnyama wa porini, hafungwi kamba. Anayekuambia kila mtu hupata, mara nyingi anahesabu na wale waliolenga wakakosa, au wanyama wake wamo ndani ya uzio. Ranchi za uzio zipo katika baadhi ya majimbo. Montana wananchi walipiga kura mwaka 2000 kupiga marufuku watu kulipia kuua wanyama wa namna hiyo. Muulize waziwazi: hapo mahali pana uzio? Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Sasa lililo kubwa zaidi. Kila kampuni itakupa namba za simu za wateja watatu waliofurahi. Zipokee, kisha omba tatu nyingine, za waliorudi mikono mitupu msimu uliopita. Hao ndio watakuambia ukweli. Waulize: siku ya tano, mwongozaji bado alikuwa anaamka saa tisa usiku kama siku ya kwanza? Alikuwa na wawindaji wangapi? Ungempa pesa yako tena? Nimeongea na mtu ambaye hakufyatua risasi hata moja wiki nzima, naye akanijibu, "Ningerudi kesho." Jibu la namna hiyo lina uzito kuliko picha mia za watu wameshika pembe.

Mimi safari ya kwanza sikuuliza. Makubaliano yalisema mwongozaji mmoja kwa wawindaji wawili. Tulipofika tulikuwa wanne kwa mmoja. Kijana mwenyewe alikuwa mwema, lakini ule ulikuwa msimu wake wa kwanza katika bonde lile, hata maji yalipo hakujua. Siku ya tatu tulishinda tumekaa ndani ya gari tukichungulia kwa darubini. Mwenye kampuni, aliyeniuzia safari kwa maneno matamu ya simu, sikumwona mpaka naondoka. Kwa hiyo shika hili: anayeuza safari na anayetembea nawe mlimani mara nyingi ni watu wawili tofauti. Taka jina la atakayetembea nawe, miaka aliyofanya kazi katika bonde lile lile, na idadi ya wawindaji atakaokuwa nao, yote yaandikwe kwenye mkataba.

Safari ya pili nilimpata mtu. Alitembea na kichupa cha unga mweupe mfukoni. Kila baada ya hatua chache anakiminya, unga unatoka kama moshi, tunatazama unakoelekea. Asubuhi ya siku ya nne kundi lilikuwa mbele yetu, hatua kama mia tatu, nayaona masikio yakipiga nzi. Akaminya kichupa. Unga ukasita, kisha ukaanza kwenda kwao. Akanishika bega, akatikisa kichwa, tukarudi nyuma tulikotoka, mwendo wa saa nzima. Niliumia, sitaficha. Lakini elki akinusa binadamu anahama bonde zima, na yule bwana alijua tukiwaacha kwa amani watakuwepo jioni. Walikuwepo. Mwongozaji wa kumlipa ni yule anayeweza kukuambia "hapana" wakati wewe mwenyewe unatetemeka kwa hamu.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha wamesajiliwa. Colorado serikali ya jimbo ndiyo inayosajili kampuni hizi. Wyoming, Montana na Idaho zina bodi zake. Kama mtawinda ndani ya msitu wa taifa, kampuni iwe na kibali cha idara ya misitu kufanyia biashara humo. Na kwa kuwa wewe ni mkaazi wa Colorado, kibali chako cha elki hakifiki dola 100, wakati mgeni hulipa zaidi ya 700. Tena sheria ya jimbo lako haikulazimishi kuwa na mwongozaji. Wyoming ndiko mgeni hakubaliwi kuwinda elki ndani ya maeneo ya nyika yaliyotengwa bila mwongozaji mwenye leseni au mkaazi wa huko wa kumsindikiza. Usisahau kwamba maombi ya Colorado hufungwa mapema mwezi wa Aprili. Wapo waliolipa arbuni ya mwongozaji halafu kibali wakakikosa. Mkataba useme pesa inakwenda wapi ikitokea hivyo.

"Mume wangu ameshinda kibali cha elki hapa Kentucky. Jirani anasema atamwongoza kwa bei ndogo kuliko kampuni. Tumkubali?" – Mama wa Lexington, Kentucky

Hongera sana, dada. Kwa wasomaji wa mbali: elki walikuwa wametoweka kabisa Kentucky. Kati ya 1997 na 2002 jimbo likaleta wanyama kutoka majimbo ya magharibi na kuwaachia kwenye milima ya kusini-mashariki, na leo hilo ndilo kundi kubwa kuliko yote mashariki ya mto Mississippi. Vibali hutolewa kwa bahati nasibu, na maelfu ya watu huomba. Mumeo ameangukiwa na jambo adimu kweli.

Elki wa Kentucky wanapenda migodi ya zamani ya makaa ya mawe, ambako milima ilikatwa vichwa na sasa imeota majani. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ina wenyewe. Kwa hiyo kinachouzwa na mwongozaji wa Kentucky, zaidi ya ujuzi, ni ruhusa ya kuingia. Mwulizeni jirani maswali mawili tu: una leseni ya jimbo ya kuongoza wawindaji? Na katika eneo alilopangiwa mume wangu, nani amekupa ruhusa ya kuingia kwenye ardhi yake? Akiwa nayo kwa maandishi, jirani anaweza kuwa bora kuliko kampuni, maana amewaona wanyama hao mwaka mzima. Akisema "hapa wote tunafahamiana," mshukuruni kwa wema wake, mtafute mwingine.

"Niko hapa kwa viza ya masomo. Mwongozaji kaniambia nisijali, bunduki atanipa yeye." – Mwanafunzi, Kansas

Jali, mwanangu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu mwenye viza ya muda kushika silaha ya moto, hata ya kuazima, isipokuwa awe ameshapata leseni halali ya uwindaji ya jimbo fulani au aingie katika misamaha mingine michache. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu yuko katika fungu jingine. Asiye na karatasi kabisa asiiguse bunduki hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Ni kosa kubwa, na maisha ya watu yameharibika kwa hilo. Onana na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua chochote, na mwongozaji anayekuambia "usijali" juu ya jambo linaloweza kukurudisha kwenu, achana naye.

"Assalaam alaykum. Nyama ya elki tunaweza kula? Mwongozaji wangu si Mwislamu." – Columbus, Ohio

Wa alaykum salaam. Elki ni mla majani kama paa, hana shaka. Masheikh niliowauliza wameniambia hivi: aliyefyatua awe Mwislamu, ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na mnyama akikutwa bado ana uhai, achinjwe. Linalomhusu mwongozaji ni lile la mwisho. Wengi wao, kwa huruma tu, wakimwona mnyama bado anahema humalizia kwa risasi yao. Kwa hiyo mweleze mapema, kwenye simu, wala si mlimani: mwingine yeyote asifyatue, na kisu kirefu kikali kiwemo kwenye begi. Rafiki yangu mmoja alieleza hivyo. Mwongozaji akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari, na siku yenyewe akamshikia mnyama pembe ili kichwa kitulie. Akikucheka au akisema mtaongea huko huko, huyo hakufai.

"Nina miaka 61 na goti moja bovu. Nimechelewa?" – Dallas, Texas

Hujachelewa, mwenzangu, ila sema ukweli tangu simu ya kwanza. Dallas iko karibu na usawa wa bahari. Kambi nyingi za elki ziko mita 2,500 na kuendelea, na pumzi huwa fupi hata kwa vijana. Tafuta kambi yenye farasi, mwongozaji wa peke yako, na fika siku mbili mapema mwili uzoee. Goti lionyeshe kwa daktari sasa, na uanze kupanda ngazi ukiwa na mzigo mgongoni.

"Bakshishi ni kiasi gani? Na nyama nitaifikishaje Houston?" – Houston, Texas

Bakshishi kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 20 ya bei ya safari, apewe mwongozaji mkononi, na mpishi usimsahau. Wengi hutoa hata kama hawakupata mnyama, nami naona ndiyo haki, kama mtu alihangaika.

Nyama ni jambo la kuuliza kabla hujalipa arbuni. Dume mmoja hutoa kama kilo 90 za nyama bila mifupa, na kutoka mlimani hubebwa vipande vipande, mara nyingi mgongoni. Bei imehusisha kubeba? Nani anachuna? Bucha lenye friza liko umbali gani? Uliza pia kuhusu kipimo cha ule ugonjwa wa ubongo unaowadhoofisha elki na kulungu mpaka wafe, kwa Kiingereza huitwa chronic wasting disease (CWD). Bado haijathibitishwa kwamba mtu ameupata kwa kula nyama, lakini wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Na ili ugonjwa huo usienee, majimbo mengi hayaruhusu kuingiza kichwa na uti wa mgongo. Toa mifupa yote huko huko, gandisha kabisa kwa siku mbili, panga kwenye maboksi ya barafu mpaka yajae pasibaki hewa, uyafunge kwa utepe. Njiani usiyafungue. Ukisimama kulala, yaingize ndani.