Wanawake Waandishi na Majina Yao: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari. Hivi karibuni mwanafunzi wangu mmoja alisoma kwamba akina dada Brontë wa Uingereza walichapisha vitabu vyao kwa majina ya kiume, naye akaniuliza kama wanawake wote wa zamani walioandika walilazimika kujificha namna hiyo, wakiwemo wa kwetu. Nilimjibu kwamba ndiyo, lakini tangu siku ile jibu hilo linanisumbua. Naomba ufafanuzi. — Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, una haki ya kusumbuka, kwa sababu jibu ulilompa mwanafunzi linafaa kwa sehemu moja ya dunia na kwa kipindi kifupi tu. Hata kwa akina Brontë wenyewe linahitaji kurekebishwa kidogo.

Charlotte, Emily na Anne walikuwa mabinti wa kasisi katika kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1836 Charlotte alimpelekea mashairi yake Robert Southey, mshairi mwenye cheo kikubwa wakati huo, na mwaka 1837 akajibiwa kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke, wala haipasi kuwa hivyo. Miaka tisa baadaye madada hao walichapa diwani yao ya mashairi kwa fedha zao wenyewe, wakajiita Currer, Ellis na Acton Bell, kila mmoja akibakiza herufi za mwanzo za jina lake. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili. Charlotte alikuja kueleza mwaka 1850 kwamba hawakutaka majina ya kiume moja kwa moja. Walitafuta majina ambayo msomaji asingeweza kuyatambua kuwa ni ya mume au ya mke, kwa kuwa waliona jinsi wahakiki walivyokuwa wakikihukumu kitabu cha mwanamke kabla ya kukisoma.

Kisa chao ambacho ningependa wanafunzi wako wakisikie ni cha Julai 1848. Ulikuwa umevuma uvumi kwamba akina Bell wote watatu ni mtu mmoja, na uvumi huo ulimtia Charlotte mashakani mbele ya mchapishaji wake. Yeye na Anne wakatoka nyumbani jioni ile ile, wakatembea kwa miguu hadi kituo cha treni huku mvua ikiwanyea, wakasafiri usiku kucha hadi London. Walipoingia katika ofisi ya George Smith, Charlotte hakujitambulisha. Alimpa tu barua ambayo Smith mwenyewe alikuwa amemwandikia Currer Bell. Smith akamwuliza ameipata wapi barua hiyo. Alikuwa amekwisha kuchapisha na kuuza riwaya ya mwanamke yule aliyesimama mbele yake, na hakumjua.

Ukitoka Ulaya, habari inakuwa nyingine kabisa. Huko Japani, mwanzoni mwa karne ya 11, mwanamke wa jumba la kifalme aliandika masimulizi marefu ya sura 54 yanayomhusu mwana wa mfalme aitwaye Genji, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mwandishi ni mwanamke. Sisi tunamwita Murasaki Shikibu, lakini hilo si jina alilopewa na wazazi wake: “Shikibu” latokana na cheo cha baba yake serikalini, na “Murasaki” ni jina la mhusika katika masimulizi yake mwenyewe. Katika shajara yake anasimulia kwamba alijifunza Kichina kwa kusikiliza tu wakati kaka yake akifundishwa, akamshinda, na baba yake akasikitika kwamba binti huyo hakuzaliwa mwanamume. Kwa hiyo kazi yake imeishi miaka elfu moja, na jina lake la kuzaliwa limepotea bila yeye kulificha.

Lililo chungu zaidi ni la Phillis Wheatley. Alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka kama saba, akafikishwa Boston, katika makoloni ya Waingereza huko Amerika, mwaka 1761 na kuuzwa. “Phillis” lilikuwa jina la meli iliyomleta, na “Wheatley” ni jina la familia iliyomnunua. Alipokuwa tayari kuchapisha mashairi yake, wakubwa 18 wa mji huo walilazimika kutia saini hati ya kuthibitisha kwamba binti huyo Mwafrika ameyatunga yeye mwenyewe, na hata hivyo kitabu kilitoka London, mwaka 1773. Yeye hakujificha nyuma ya jina lolote. Alinyang’anywa lake, akabandikwa la meli na la bwana, na kwa majina hayo mawili akawa Mwafrika wa kwanza katika makoloni yale kuchapisha kitabu cha mashairi.

Nimemweka mwisho wa kwetu ili umlinganishe na hao. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, akiwa ameugua mwaka mzima. Hakutafuta lakabu. Mwishoni mwa utendi ametaja jina lake, la baba yake, mahali alipozaliwa na mwaka wa kutunga, kama ilivyokuwa desturi ya watunzi wa pwani. Najua kwamba utendi huu hufundishwa kwa ajili ya wasia wake juu ya mume, na kwamba wasichana wengi wa leo huupinga wasia huo. Wana haki ya kuupinga, na ni vizuri wapewe nafasi ya kufanya hivyo darasani. Lakini kabla ya kufika huko, wasomee kwanza ubeti huu, ambao mara nyingi tunaupita haraka:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Mama amelala kitandani, anamwita binti yake aje aketi na wino na karatasi. Maana yake ni kwamba katika nyumba ile ya Siyu mwanamke alitunga na mwanamke mwingine aliweza kuandika, na hakuna mwanamume aliyeitwa kushika kalamu kwa niaba yao.

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba zamani hapa Unguja watoto wa kike walifundishwa kusoma msahafu lakini kuandika walikatazwa. Kama ni kweli, Bibi Salme aliwezaje kuandika kitabu? — Msomaji, Unguja

JIBU: Marehemu bibi yako alisema kweli, dada, na Salme mwenyewe ameliandika jambo hilo. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, na katika chuo cha nyumbani wasichana waliishia kwenye kusoma. Kuandika alijifunza kwa siri: alichukua mfupa wa bega la ngamia uliokauka na kuwa mweupe, ambao watoto waliutumia kama kibao, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu, moja baada ya nyingine, hadi mkono ukazoea. Siri hiyo ilikuja kuwa na uzito mkubwa, kwani mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, Salme aliyekuwa na miaka 15 ndiye aliyewaandikia waliokula njama barua zao.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Ruete, ambaye alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu na kumwachia watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Kila ninapozisoma, ule mfupa wa ngamia ndio unaonirudia zaidi ya majumba na mapambo yote anayoyaeleza.

SWALI: Ni nani mwandishi wa kwanza duniani ambaye jina lake linajulikana? — Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Anayetajwa ni mwanamke. Aliitwa Enheduanna, binti wa mfalme Sargon, kuhani mkuu katika mji wa Uru, nchini Iraki ya leo, yapata miaka 2300 kabla ya Kristo. Mwaka 1927 wachimbaji wakiongozwa na Leonard Woolley walipata huko bamba la mviringo la jiwe jeupe lenye sura yake na jina lake, ingawa hilo nalo ni jina la cheo cha ukuhani. Wako wataalamu wanaobishana ni tenzi zipi hasa alizozitunga kwa mkono wake, kwa kuwa nakala tulizonazo ni za karne zilizofuata. Lakini mwishoni mwa mkusanyo wa tenzi za mahekalu jina lake limetajwa kuwa ndiye aliyeutunga, na hapo hapo mfalme anaambiwa kwamba kimezaliwa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukizaa kabla yake.