Mwanangu, kuhusu bango na mtoto

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako asikie huku anakunja nguo. Unauliza jambo fupi. Kikundi cha kujitolea cha kanisa kinaingia tena kwenye maandamano ya Krismasi, wewe umepewa bango la mbele, na hujui kama mjukuu wangu, aliyetimiza miaka mitano juzi tu, atembee nanyi njia nzima au abaki pembeni na baba yake awaone mkipita. Mama yako alijibu papo hapo: abaki. Mimi nilinyamaza, maana nilipofika kwenye neno "bango" sikusikia tena habari za mtoto.

Kabla hatujafika kwa mtoto, niambie kwanza: nani anatembea nyuma? Tangu mko wadogo nimewaambia na sichoki kusema, msafara hutazamwa kwa aliye mwisho. Watu hudhani msafara wote unakwenda mwendo mmoja. Hauendi hivyo. Wa mbele akisita kidogo kwa sababu matarumbeta yamesimama kumalizia wimbo, wa nyuma husimama mpaka miguu ife ganzi. Wa mbele akianza tena, kila safu husubiri safu iliyo mbele yake isogee, na kuchelewa huko hujumlishwa safu kwa safu, hata wa mwisho hana budi kukimbia asiachwe. Barabara ni ile ile, lakini wa mbele hufika wakisema njia ilikuwa fupi, na wa nyuma hufika wakihema.

Fungua kitabu cha Hesabu uone Waisraeli walivyopangwa safari ya jangwani. Yuda, kabila kubwa kuliko yote, wanaume 74,600 waliohesabiwa kwa vita, lilitangulia. Na nyuma kabisa je? Hawakuwekwa wanyonge waliobaki. Aliwekwa Dani, 62,700, la pili kwa ukubwa katika makabila yote. Nguvu ya pili ya taifa zima ilipewa kazi ya kufunga njia. Kila nikiisoma orodha ile, ambayo wengi huiruka kwa sababu ni majina na namba tupu, namkumbuka bibi yako.

Sijui unaukumbuka kwa kiasi gani mwaka ule. Ulikuwa na miaka tisa. Bibi yako alikuwa ameshona kanzu zote za malaika kwa mkono, cherehani ikiwa imeshakufa, na goti lake unalijua. Tukamsihi apande tela lenye hori akae na wale waliokuwa Mariamu na Yusufu. Akakataa. Alisema amezishona kanzu zile zitembee, naye atatembea nazo.

Mimi nilishika mti wa kulia wa bango, baba yako mdogo wa kushoto. Katikati ya njia msimamizi akapuliza filimbi, akapaza sauti: zibeni pengo! Nikaongeza mwendo. Sikugeuka. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mshika bango hageuki, akigeuka kitambaa hujikunja na jina la kanisa halisomeki, na mimi nililishika likanyooka kama ubao wa meza. Nilijivunia mno. Pengo la mbele yetu tuliliziba. Lililofunguka nyuma yetu hakuna aliyelipulizia filimbi, na ndani yake alikuwamo mama yangu mzazi, peke yake, katikati ya barabara, na watu pande zote mbili wakimtazama.

Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa na mama yako aliyekuwa amesimama pembeni. Dereva wa lori lililovuta tela alimwona bibi. Angeweza kupiga honi. Badala yake alipunguza mwendo hadi ukawa ule wa goti la bibi, akawasha taa kubwa, akabaki nyuma yake akimmulikia njia. Basi hori likaja polepole, na mbele yake bibi mmoja mwenye fimbo. Watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Mmoja akasema kwa sauti, huyu ni nabii Ana, yule mjane wa hekaluni katika Luka sura ya 2, na makofi yakashika kuanzia pale mpaka kona ya mwisho. Nami nilikuwa mbele, nikayasikia yale makofi, nikadhani ni ya bango.

Na wewe ulikuwa umetoka kwenye mstari wa malaika. Ulirudi nyuma ukamshika mkono, mkamaliza njia pamoja.

Ulipofika, nilikukemea mbele ya wenzako. Nilikuambia malaika wote wamekaa kwenye mstari, wewe peke yako ndiye umeuharibu. Bawa lako la kushoto lilikuwa limelegea, umelishikilia kwa kiganja lisidondoke, na hukunijibu kitu. Bibi yako naye hakunijibu. Usiku, nikimsaidia kuvua viatu, alisema tu kwamba taa za lile lori zilimpasha joto mgongoni. Mpaka tulipomzika hakuligusia tena jambo lile.

Nimejitetea mara nyingi, tena kwa hoja nzuri. Kanuni ya mtoto kutotoka mstarini ni kanuni njema. Aliyeketi juu kwenye lori hamwoni mtoto aliye karibu na bampa, na wewe ulikimbia kuelekea kwenye lori. Baba yeyote mwenye akili angeshtuka. Ni kweli. Ila mimi sikushtuka, mwanangu. Sikukuona hata ukikimbia, nilikuwa natazama mbele. Nilipokukemea nilikuwa nautetea mstari usionekane mbovu. Hoja ya lori niliipata miaka baadaye, nikitafuta pa kujificha. Nilipaswa kukuambia haya zamani. Nisamehe.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Bango lazima lishikwe. Kikundi kisicho na mbele huwa kundi la watu waliopotea barabarani, na kuna raha ya haki katika kulibeba jina la kanisa lako mbele ya watu na kulibeba vizuri. Sisemi kushika bango ni kiburi. Kwangu kilikuwa kiburi. Kwako sijui, wewe una moyo wa mama yako.

Umeandika pia kwamba mwaka huu kuna manung'uniko juu ya nani awe Mariamu. Waambie habari za Greccio, mji mdogo wa Italia. Mwaka 1223, miaka mitatu kabla hajafa, Fransisko wa Asizi aliandaa hori pale usiku wa Krismasi, nyasi kavu, ng'ombe na punda, na watu wakaja na mishumaa na mienge. Mawazo yote yalikuwa yake, lakini hakuongoza misa. Alivaa mavazi ya shemasi, akaimba Injili na kuhubiri, na altare ikaachiwa padri. Tomaso wa Celano aliyeyaandika haya hataji mtu aliyeigiza Mariamu. Anataja nyasi. Nyasi zile zilihifadhiwa.

Haya, mtoto. Njia nzima kwa miguu ya miaka mitano ni ndefu, na kusimama husumbua watoto kuliko kutembea. Mkimchukua, pawe na mtu mzima ambaye kazi yake ni yeye tu, asiye na bango, asiye na mfuko wa peremende. Peremende zenyewe ziwekwe mkononi mwa watoto wa pembeni, zisirushwe kutoka kwenye tela, maana mtoto hufuata peremende bila kutazama gurudumu. Kila gurudumu la tela liwe na mtu anayetembea kando yake mwanzo hadi mwisho. Na mjukuu wangu aandikwe namba yako ya simu mkononi kwa wino usiofutika, hata kama utakuwa hatua tatu kutoka kwake. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mwana wao yumo msafarani, naye alikuwa na miaka kumi na miwili, na walikuwa wazazi wazuri kuliko sisi. Walidhani yumo kwa jamaa. Wote husema hivyo hivyo, alikuwa na fulani.

Yakobo ndiye aliyelijua hili vizuri. Esau alipomwambia waende pamoja, alikataa kwa upole. Alisema watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, wakikimbizwa siku moja tu kundi lote litakufa, yeye atakuja polepole kwa mwendo wa watoto. Alikuwa anajua mwendo wa nani ndio mwendo wa msafara. Msafara hutazamwa kwa aliye mwisho, nasema tena.

Mama yako amesimama nyuma yangu anataka niandike "abaki". Siandiki. Wewe ndiye mama yake, na mimi si mtu wa kukuhukumia nani akae wapi barabarani, si baada ya mwaka ule. Ningekuwa mimi, bango ningempa mwingine, nikashika mkono wa mwanangu na kutembea naye safu ya mwisho kabisa, mbele ya taa za lori. Lakini nilisema sisemi, basi hilo lichukulie kama halikuandikwa.

Kuna wazee wawili katika kikundi chenu uliowataja, yule wa fimbo na yule aliyepasuliwa jicho. Hukuniambia watatembea wapi. Niandikie.

Na ukiamua kulishika bango, lishike upande wa kushoto. Mti wa kulia una ufa juu kidogo ya fundo, niliufunga kwa waya asubuhi ya siku ile, na ncha ya waya hutoboa kiganja usipoifunika kwa kitambaa.

Akupendaye,
Baba yako