Maswali ya Wasomaji: Likizo Ngazija, Chini ya Mlima Karthala

Barua tulizozichagua safari hii zote zinauliza juu ya Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, ambacho kwenye ramani za Kifaransa huandikwa Grande Comore. Tumezifupisha kidogo bila ya kubadili maana.

Mimi na mke wangu tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 15 na mwingine 17. Kila Desemba sisi huenda Unguja, lakini mwaka huu tunafikiria kwenda Ngazija kwa siku nane. Watoto wameshikilia kupanda Karthala, na mama yao hataki kusikia kwa kuwa ameambiwa kwamba ni volkano hai. Je, hofu yake ina msingi, na kupanda kwenyewe kukoje? – Msomaji, Morogoro

Hofu ya mama ina msingi, ingawa haitoshi kuvunja safari. Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ni volkano hai kwelikweli: ulilipuka mara mbili mwaka 2005, ukalipuka tena mwaka 2006 na Januari 2007. Mlipuko wa Novemba 2005 ulirusha majivu yaliyoanguka juu ya vijiji vingi na kuchafua maji ya kunywa, na ubaya wa jambo hilo utaeleweka vyema mtu akijua kwamba Ngazija haina mto. Mwamba wa lava una vitundu vingi, kwa hiyo mvua hata ikinyesha namna gani maji huzama ardhini, na sehemu kubwa ya wanavijiji huishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kutoka mapaani na kuhifadhiwa katika mabirika. Tangu 2007 mlima umetulia, na wapandaji huenda na kurudi salama, lakini utulivu huo ni wa kupumzika tu. Katika mji mkuu, Moroni, kuna kituo cha wataalamu wanaoufuatilia mlima, nacho kiko chini ya taasisi ya taifa ya utafiti, CNDRS. Kabla ya kutoa hata senti ya malipo, mwulizeni mwongoza njia wenu amepata habari gani za karibuni kutoka huko. Akiwacheka kwa swali hilo, tafuteni mwingine.

Ambacho ningependa mbadilishe ni mwezi. Desemba ni kaskazi, joto na mvua vimekutana, njia ya msituni huteleza na kilele hufunikwa na mawingu. Nendeni wakati wa kusi, baina ya Juni na Septemba, ambapo hewa ni kavu zaidi. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka inawatosha.

Njia inayotumiwa sana huanzia Mvouni, kijiji kilicho juu kidogo ya Moroni, na nyingine huanzia Boboni, ambako mtu tayari yuko juu zaidi na kwa hiyo hutembea kidogo. Wenye miguu myepesi hupanda na kushuka siku moja. Kwa familia nashauri siku mbili na usiku mmoja wa hema, wala si kwa ajili ya uchovu peke yake. Ukungu hupanda kutoka pwani kadiri jua linavyopanda, na mara nyingi anayefika ukingoni saa sita mchana hukuta ukuta mweupe na kurudi akiwa ameona viatu vyake tu. Aliyelala juu hutoka hemani alfajiri akakuta kaldera yote iko wazi mbele yake, shimo lenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, na ndani yake kasoko, yaani mdomo wa volkano, ya Chahalé inayofuka mvuke katika baadhi ya mipasuko. Kwa maoni yangu saa moja ya namna hiyo inazishinda siku tatu za kulala juu ya mchanga, na nadhani vijana wenu watakubaliana nami.

Njiani mtapita kwanza mashamba ya migomba, kisha msitu mzito wenye mizizi iliyotokeza kama vidole na kuvumwani katika kila tawi, ambamo huishi ndege wasiopatikana popote pengine duniani, mmojawapo bundi mdogo wa Karthala ambaye husikika usiku zaidi ya anavyoonekana. Juu ya msitu huja vichaka vya erika, halafu miti huisha na kubaki jiwe jeusi. Huko hakuna chemchemi, basi kila tone la maji mtakalokunywa na kupikia litapanda mgongoni mwa mtu. Hesabuni si chini ya lita nne kwa kila mmoja kwa siku, na wachukuzi walipwe ipasavyo. Viatu viwe vya soli ngumu, kwani lava hukata raba kama kisu. Usiku kuna baridi ambayo mtu wa pwani hatarajii kuikuta katika latitudo hii, kwa hiyo sweta moja halitoshi. Na msishuke ndani ya kasoko kwa sababu tu kundi jingine limeshuka: mwaka 1903 gesi ya mlima huu iliua watu, na gesi haionekani.

Nina miaka 68 na magoti yangu hayanipi ruhusa ya kupanda hata ghorofa, seuze mlima. Marehemu babu yangu alikuwa Mngazija, na ninatamani kwenda mimi na dada yangu kuiona nchi yake. Je, kuna cha kutosha kwetu sisi tusiopanda? – Bibi kutoka Mombasa

Kipo, bibi, na mtakiona kwa gari. Kodini gari pamoja na dereva kwa siku tatu, kwa kuwa barabara ya kuzunguka kisiwa ina mashimo na kona ambazo mwenyeji anazijua kwa moyo.

Siku ya kwanza iwe ya Moroni. Mji wa kale una vichochoro vyembamba na milango ya kuchonga ambayo itawakumbusha Mji wa Kale wa Mombasa, ila kuta zake zimejengwa kwa jiwe jeusi la volkano. Ukingoni mwa bandari umesimama Msikiti wa Ijumaa wa Badjanani, mweupe, wenye matao ya ngazi mbili, ambao asili yake ni mwaka 1427. Fikeni kabla ya magharibi, maji yakiwa yamejaa, mwone unavyojitazama baharini. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Iconi, mji wa masultani wa zamani, chini ya genge (ukingo wa mwamba ulio wima) la volkano iliyokufa. Wakati wa mashambulizi ya maharamia kutoka Madagaska waliokuja kukamata watumwa, wanawake wa Iconi walijitupa kutoka juu ya genge hilo ili wasichukuliwe. Wenyeji husimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, na mgeni naye ashushe ya kwake.

Siku ya pili elekeeni kusini hadi Singani. Mwaka 1977 ardhi ilipasuka ubavuni mwa Karthala, mbali na kilele, na lava ikateremka na kufunika sehemu ya kijiji. Mtasimama barabarani mkiwa na mto wa mawe meusi kulia na kushoto, na nyumba za leo zimejengwa kandokando yake, nyingine karibu kabisa. Watalii wengi hupita hapo kwa dakika tano wakielekea ufukweni. Mimi ningewaambia mkae, mwagize madafu, muwasikilize wazee waliokuwapo, kwa sababu hakuna mahali pengine kisiwani panapoonyesha waziwazi namna watu wanavyoishi na mlima ambao ni jirani, tena mwenye nyumba.

Siku ya tatu ni ya kaskazini, na hapa ndipo penye fukwe. Sehemu kubwa ya Ngazija ni changa kwa umri wa ardhi: lava imeshuka ikaingia moja kwa moja baharini, na matumbawe hayajapata muda wa kujenga miamba mipana na mchanga mwingi kama ya Unguja. Basi msitegemee kilomita za mchanga. Tegemeeni vighuba vidogo vya mchanga mweupe vilivyobanwa na mawe meusi, na kwa macho yangu mchanganyiko huo una uzuri wake. Itsandra uko karibu na Moroni na hujaa vijana siku za mapumziko. Ntsaoueni kuna kaburi linalonasibishwa na Mtswa Mwindza, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji ndiye aliyeleta Uislamu visiwani. Mitsamiouli na Maloudja ndiko penye maji matulivu ya kuogelea kwa miwani na mrija. Hapo karibu palikuwa na hoteli kubwa iliyowavuta sana Waafrika Kusini kabla ya kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo ufukwe umewarudia wenyeji. Mbele kidogo, Bangoi-Kouni, kuna Lac Salé, ziwa la chumvi lililojaza kasoko ya kale hatua chache tu kutoka baharini. Inasimuliwa kwamba palikuwa na kijiji kilichomnyima maji mgeni aliyeona kiu, kikazama. Ukikumbuka shida ya maji ya kisiwa hiki, hadithi hiyo haishangazi kuzaliwa hapa. Mkirudi kwa upande wa mashariki, simameni Chomoni kwa chakula cha mchana.

Sisi wa Tanga tunajivunia silikanti wetu. Nimesikia kwamba huko Komoro yuko pia na anaitwa gombesa. Je, mtalii anaweza kumwona? – Mwalimu, Tanga

Akiwa hai, hapana. Samaki huyu, ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosauri hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, hushinda mchana katika mapango yaliyo zaidi ya mita mia moja chini ya maji, kina ambacho mzamiaji wa kawaida hathubutu kukifikia. Wa pili kutambuliwa alivuliwa Anjouan, kisiwa jirani, mwaka 1952, na ikadhihirika kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimfahamu siku nyingi. Mapango yenyewe ni kazi ya volkano: mteremko wa Karthala hauishii ufukweni, unaendelea kushuka chini ya bahari, na matundu ya lava ndiyo nyumba za gombesa. Mwaka 1987 mtafiti wa Kijerumani Hans Fricke na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo kando ya Ngazija, wakawa wa kwanza kumpiga picha akiwa katika makazi yake. Wewe nenda kwenye jumba la makumbusho la CNDRS mjini Moroni, ambako amehifadhiwa aliyekufa. Mvuvi akikupa ahadi ya kukutafutia wa kununua, kataa: ni kiumbe anayelindwa na sheria za kimataifa.

Je, Kiswahili chetu kitatusaidia huko, na tuvae vipi? – Wanandoa wapya, Dar es Salaam

Kitawasaidia nusu. Kingazija ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na mtajikuta mkishika neno moja katika kila matatu kisha mkipotea ghafla. Wazee wengi waliowahi kuishi Zanzibar wanasema Kiswahili vizuri, kwani njia ya masomo na biashara baina ya pande hizi ni ya kale: Sheikh Ahmad bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija. Wengine watawajibu kwa Kifaransa. Jihadharini na neno moja. Kwetu marahaba ni jibu la shikamoo. Kwao ni asante, basi msishangae muuzaji wa ndizi akiwaitikia kabla hamjamwamkia.

Mavazi yawe ya kusitiri mjini na vijijini, na nguo za kuogelea zibaki ufukweni, mbali na nyumba za watu. Fedha ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa kwenye yuro. Chukueni yuro taslimu, kwa kuwa kadi hukubaliwa mahali pachache. Laleni ndani ya chandarua. Mkienda Julai au Agosti mtakuta Wangazija wanaoishi Ufaransa wamerudi kwa harusi kubwa za mila, nauli na vyumba vimepanda, lakini viwanja vimejaa ngoma na twarab, ile ambayo mizizi yake ni taarabu ya Zanzibar. Mkialikwa, nendeni. Na msiondoke bila ya kuonja kambakoche aliyepikwa kwa vanila, kwa kuwa vanila ya hapo, pamoja na mlangilangi unaonukia barabarani jioni, hustawi katika udongo ule ule uliotokana na lava.

Tukiwa Ngazija, inafaa kuvuka hadi kisiwa jirani cha Mwali kuona kasa? – Msomaji, Nairobi

Inafaa sana ikiwa mna angalau siku tatu za ziada. Kasa hupanda kutaga katika fukwe za Itsamia, ambako wanakijiji wenyewe ndio walinzi, na bahari ya kusini mwa kisiwa imehifadhiwa tangu mwaka 2001. Boti ndogo huvuka kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija. Vukeni asubuhi kabla ya upepo kuamka, kila mmoja avae jaketi la kuokolea tangu mnapoondoka, na mkiona boti imeshajaa watu na mizigo, ngojeni inayofuata hata ikiwa ni ya kesho.