Jibu: Kakako asiache dawa za figo kwa sababu ya korona

Dadangu, umeuliza kama kakako aliyepandikizwa figo apumzishe dawa za kushusha kinga hadi korona ipite. Hapana, tafadhali! Asiache hata dozi moja bila daktari wake kusema. Kinga ikipanda huishambulia figo ile, na akiipoteza atarudi kusafishwa damu kwa mashine, chumba kimoja na wagonjwa wengine, wiki baada ya wiki. Awe na akiba ya dawa nyumbani.

Chanjo achanje. Mwili wake huenda usiitikie vizuri, ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi ya ziada kwa watu kama yeye. Nanyi mnaoishi naye mchanje, kwani virusi vitapitia kwenu.

Feri ya Likoni avuke mchana, watu wakipungua, barakoa ikiziba pua. Sokoni Marikiti aende mwingine.

Akihisi homa hata kidogo, apige simu kliniki siku hiyo hiyo, maana prednisoloni, mojawapo ya dawa zake za kushusha kinga, huweza kuificha homa hiyo. Akiandikiwa Paxlovid, dawa ya kutibu korona, aseme mapema kwamba anameza takrolimasi, nayo ya kushusha kinga: Paxlovid huipandisha takrolimasi kwenye damu hadi kiwango cha sumu. Kujifukiza hakuui virusi, wala dawa za mitishamba asizichanganye na zake.