Kiganja hakina nguvu na praima haziingii, nichukue kifaa gani?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi mzee wa miaka 63, mtu wa Kigoma ila niko Boise, Idaho, mwaka wa 14 sasa. Kila msimu wa kuwinda najipakia risasi zangu za .30-06 (saizi ya bunduki yangu ya kuwindia) mwenyewe huku gereji, yaani najaza upya maganda yaliyokwishatumika, jirani ndo alinifundisha. Sasa baridi yabisi imenikamata kwenye shina la dole gumba, mikono yote miwili, na kile kifaa cha mkononi cha kuingizia praima (kile kikombe kidogo cha kuwasha baruti kinachokaa kwenye kitako cha ganda), kile unachokikamua kama koleo, kimenishinda. Nikifika ganda la 20 mkono unatetemeka, na kuna mengine nakamua kwa mikono miwili na bado praima inabaki imechomoza. Mke wangu anasema niache nikanunue za dukani. Ninunue kifaa gani?

JIBU: Shikamoo mzee. Mama ana hoja yake ila wewe hukuuliza hilo, tuendelee.

Kabla hujatoa hata dola moja kachukue hayo maganda uyageuze uangalie kitako. Umesema mwenyewe "kuna mengine", maana yake si yote yanakusumbua, na hapo mimi nikashtuka kidogo. Ukiona yameandikwa LC, yaani Lake City, kiwanda cha risasi za jeshi la Marekani, hayo ni ya jeshi. Kiwandani huwa wanaibana praima kwa kuipigia kingo pembeni ili isichomoke kwenye bunduki za kijeshi, sasa ukiitoa ile ya zamani ule ukingo unabaki palepale, halafu unakuja na praima mpya inagonga ukingo, hapo hata kijana anayebeba zege kutwa nzima atatoka jasho. Yaani unaweza ukawa unalaumu mkono wako bure. Yatenge. Kama unayapenda sana ule ukingo unaondolewa mara moja tu na haurudi tena, ila usinunue kile cha kukereza kwa kuzungusha mkononi, kitakumalizia kifundo, kuna cha kufunga mezani chenye wenzo kama Dillon Super Swage 600. Mimi kwa mtu anayepakia risasi za msimu mmoja ningeyapeleka chuma chakavu nitumie maganda ya kawaida.

Haya, kifaa. Vile vya kukamua vyote, hata kile chenye mpini laini mnene wanachokisifia, nguvu yake inapita kwenye shina la dole gumba, palepale panapokuuma. Kubadilisha mpini ni kubadilisha kiatu wakati mwiba uko ndani ya mguu. Achana na ukoo mzima huo. Wewe unataka kazi ihame kutoka vidoleni iende begani, na hiyo ni kifaa cha kufungwa mezani kwa bolti, unakisukuma kwa wenzo. Kampuni za RCBS na Forster wanacho, Lee pia. Cha RCBS kile cha otomatiki kinatumia mrija unaojaza praima, unazidonoa moja moja kwa ncha ya mrija, kwa wanaopakia mamia ni raha, ila wewe sioni kama unahitaji, na mimi kusema kweli sipendi praima nyingi zikipangana kwenye mstari karibu na uso wangu.

Lakini ngoja, presi si tayari unayo ya kurudishia maganda saizi? Basi njia ya bei ndogo ni Lee Ram Prime, kinafungwa juu ya presi yenyewe kwenye nafasi ya dai (ule umbo wa chuma wa kurudishia ganda saizi), unaweka praima moja, ganda moja, unavuta mpini chini. Nasisitiza CHINI. Presi nyingi zina mkono wake wa praima uliokuja nao, ila kwenye nyingi ile ya kwao praima inaingia wakati unarudisha mpini juu, na kusukuma juu kwa kifundo kinachouma ni mateso, kushuka chini uzito wa mkono wenyewe unafanya nusu ya kazi. Mimi nilikatika kano ya kidole miaka miwili iliyopita, nikajua tofauti hiyo siku ya kwanza tu.

Funga presi kwenye urefu ambao mpini ukifika mwisho uko usawa wa kiuno chako, sukuma kwa kitako cha kiganja vidole vikiwa wazi, usikumbatie. Kile kidude cha duara kwenye mpini kizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka kinenepe kama chungwa. Ila usichomeke bomba kuurefusha! Praima unaisikia mkononi, inateleza kidogo halafu inagusa chini inasimama, hapo ndo basi, ukiwa na mpini mrefu kama wa pampu ya kisima husikii kitu unaiponda. Ikigoma usilazimishe, usigonge na nyundo hata kwa utani, weka ganda pembeni. Na miwani usoni muda wote.

Kuna jambo la kuhakikisha. Praima inatakiwa izame chini ya usawa wa kitako kama inchi 0.003 mpaka 0.005, wengi wanapapasa kwa kidole, ila vidole vyenye baridi yabisi vinadanganya. Simamisha ganda juu ya kioo, likiyumba praima imechomoza. Au lalisha rula ya chuma kwenye kitako uangalie mwanga. Hii fanya ganda likiwa tupu, baruti ikishaingia usiiguse tena praima, na usirudie kuisukuma.

Pakia 20 upumzike, nawa mikono na sabuni maana kuna madini ya risasi (lead) kwenye lile vumbi jeusi. Mnaotusoma mkiwa Dar au Nairobi msijaribu, huko kutengeneza risasi bila leseni ni kesi, hii ni habari ya Marekani.

Mzee nitumie picha ya vitako vya hayo maganda yaliyokugomea kabla hujaagiza chochote, nadhani nusu ya ugonjwa tutaukuta humo.