Mbona chumvi haitulipukii mdomoni?

SWALI: Shikamoo mwalimu, niko S2 (sekondari mwaka wa pili) huku Kasese, Uganda. Ticha wetu wa kemia katuambia chumvi ni sodiamu na klorini, alafu akasema sodiamu ukiitupa kwenye maji inalipuka na klorini ni gesi ya sumu. Sasa mbona chumvi ya Katwe tunakula kila siku na hatufi?

JIBU: Marahaba. Swali tamu hilo, hata mimi lilinisumbua nikiwa shule. Iko hivi, atomu ya sodiamu ina elektroni (vijichembe vidogo sana vinavyozunguka kiini cha atomu) 11 na ile moja ya nje kabisa iko peke yake, inatoka kirahisi sana, klorini nayo ina 17 na huko nje imebaki nafasi moja wazi, kwa hiyo zikikutana sodiamu inampa mwenzake ile moja na zote zinatulia, ndo chumvi hiyo. Imeshatoa, haina tena cha kugombana na maji! Yaani ni kitu kipya kabisa, tabia zake si za wazazi wake: sodiamu ni metali laini unaikata kwa kisu, chumvi ni punje ngumu na kuiyeyusha kwa moto unataka nyuzi 801 za Selsiasi, sigiri ya mama usiihangaishe.

Kwenye maji inayeyuka, ndiyo, lakini hapo chembe zinaachana tu, jua likikausha maji zinashikana tena, na ndivyo watu wanavyovuna pale Ziwa Katwe kwenye vidimbwi (ingawa ile si chumvi tupu, ina madini mengine pia).