Kuzunguka Kyoto kwa treni: maswali yenu

Nina pasi ya siku saba ya JR, reli kuu za Japani. Itanitosha mjini Kyoto?

Haitoshi, na hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Pasi hiyo haikubaliki kwenye treni za chini ya ardhi, ambazo ni za manispaa, wala kwenye reli za Keihan na Hankyu, wala Randen, kile kitreni kinachopita katikati ya nyumba za watu hadi mtaa wa Arashiyama. Nunua ICOCA, kadi ya nauli unayoijaza pesa. Yen 500 ni amana, zinazobaki ni nauli. Unaigusisha getini, unapita, na kote huko inakubalika.

Mji mkubwa hivi, mbona treni ya chini ina njia mbili tu?

Kyoto ulifanywa mji mkuu mwaka 794. Ukichimba unakutana na mabaki ya kale, na wataalamu lazima wayachunguze kwanza. Njia ya Karasuma ilifunguliwa 1981, ya Tozai 1997. Hata hivyo usizidharau hizo mbili. Mitaa ya Kyoto ilinyooshwa tangu mwanzo, kwa hiyo Karasuma inakwenda kaskazini na kusini, Tozai mashariki na magharibi (jina lenyewe ndiyo maana yake), na zinakutana Karasuma Oike. Usihangaike na majina marefu, shika namba: stesheni kuu ni K11, ngome ya Nijo T14.

Hekalu la Fushimi Inari nifikeje?

Kutoka stesheni kuu panda JR ya kuelekea Nara, shuka kituo cha pili, Inari. Lakini iwe treni ya kawaida! Ya haraka inapita bila kusimama. Ukitoka stesheni unavuka barabara tu, lango jekundu liko mbele yako. Nenda alfajiri, tafadhali. Hekalu halifungwi, na saa nne umati umeshajaa.

Na hekalu la Kinkaku-ji?

Treni haifiki. Watu hujazana kwenye basi kuanzia stesheni kuu na kukaa kwenye foleni ya magari. Mimi nashauri treni ya chini hadi Kitaoji, K04, ndipo uchukue basi la kumalizia.

Nimekata tiketi ya nauli ndogo kuliko safari. Nitatozwa faini?

Hapana. Kabla ya geti la kutokea kuna mashine ya kulipia nyongeza. Ingiza tiketi, lipa kilichopungua, itakupa nyingine ya kutokea.